Gauni Lililopinda na Cherehani Iliyosingiziwa: Uchambuzi wa Kisa cha Ushonaji wa Nyumbani kwa Fungu Dogo

Kisa hiki kinamhusu dada mmoja ninayemfahamu vizuri, ambaye hushona nyumbani kwa sababu anapenda kushona. Hauzi anachokishona wala hapokei kazi za watu, na fedha anazotenga kwa shughuli hii ni zile zinazobaki baada ya mahitaji ya nyumba kutimizwa, ambazo kwa kawaida si nyingi. Ana cherehani ya umeme aliyoinunua ikiwa imeshatumika, yenye mshono ulionyooka, mshono wa zigizaga na mishono mingine michache ambayo hajawahi kuigusa. Kwa muda mrefu alitengeneza foronya, aproni na mifuko ya jinzi. Baadaye akadunduliza fedha, akanunua mita 3 za kitambaa cha pamba chenye upana wa sentimita 115, akaamua kujishonea gauni refu la mikono mifupi, lenye kiwiliwili kinachoishia kiunoni na sketi ya vipande vinne inayotanuka kuelekea chini.

Gauni lilikamilika, likavaliwa, likafuliwa, na tangu hapo halikuvalika tena. Alipoliweka mbele yangu alikuwa na malalamiko matatu, na yote aliyaelekeza mahali pamoja. Mishono iliruka hapa na pale, na upande wake wa chini ulijaa vitanzi vya uzi. Mshono wa ubavu wa kulia, badala ya kushuka wima, ulizunguka na kuja mbele kadiri ulivyokaribia upindo, na upindo wenyewe ukawa umening'inia upande huo. Tena gauni zima lilikuwa limefupika na kubana kwapani. "Cherehani hii imenishinda," alisema. "Nimeshaanza kuweka akiba ninunue mpya. Niambie tu, dada, ninunue ipi."

Ombi hilo la mwisho ndilo lililonifanya nione kwamba kisa hiki kinastahili kuandikwa kwa kirefu. Mtu mwenye fungu dogo asipotambua chanzo cha hasara yake huilipia mara mbili, kwanza kwa kitambaa kilichoharibika, kisha kwa kifaa kipya ambacho hakitakizuia kitambaa kinachofuata kisiharibike vilevile. Kati ya kasoro tatu alizozitaja, moja tu ilikuwa na uhusiano na cherehani, na hata hiyo haikuhitaji cherehani nyingine. Mbili zilizobaki zilifanyika mezani, kabla uzi haujapita katika tundu la sindano.

Kipande cha mbele upande wa kulia

Nianze na kasoro iliyogharimu zaidi. Kitambaa kilichofumwa kina mtande, ambao ni nyuzi zinazokwenda kwa urefu sambamba na ukingo wa kiwandani, na mshindio, ambao ni nyuzi zinazovuka kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Mtande hukazwa wakati wa kufuma, na kwa kawaida ndio imara zaidi na usiovutika kwa urahisi. Mshindio huvutika kidogo. Na mtu akikivuta kitambaa kwa mshazari, katikati ya mtande na mshindio, ataona kinarefuka na kusinyaa ubavuni kana kwamba si kitambaa kilekile. Nguo ikikatwa mtande ukiwa wima, uzito wake hushikiliwa na nyuzi zisizolegea, na kila upande huanguka sawasawa. Ikikatwa upande mmoja umeinama na mwingine umenyooka, pande hizo mbili zitaanguka kila mmoja kwa namna yake, na mshono unaoziunganisha utavutwa kuelekea ule upande uliolegea. Mara nyingi tatizo halionekani siku ya kushona, kwa sababu dawa ya kukakamaza aliyoitia mwenye kiwanda bado imeushikilia ufumaji. Hujitokeza baada ya kufua.

Ili kuthibitisha, tulilitandaza gauni mezani na kukifuata kipande cha mbele upande wa kulia kwa pini. Tuliichomeka pini ya kwanza kiunoni kwenye mstari wa katikati ya kipande, kisha tukaufuata uzi uleule wa mtande kuelekea chini, tukichomeka pini nyingine kila baada ya sentimita chache. Kazi hii inahitaji mwanga mzuri na subira, lakini haihitaji kifaa chochote cha kununua. Tulipofika kwenye upindo, ambao ulikuwa sentimita 75 kutoka kiunoni, uzi wetu ulikuwa umehama kutoka kwenye mstari wa katikati kwa sentimita 7. Vipande vitatu vilivyobaki havikuwa na tatizo hilo. Hapo swali la cherehani lilikuwa limejibika kwa sehemu kubwa, maana hakuna cherehani inayoweza kuuhamisha mtande wa kipande kimoja na kuacha vingine.

Chanzo chake alikieleza mwenyewe bila kusita. Kiolezo, yaani karatasi zenye umbo la vipande vya nguo zinazofuatwa wakati wa kukata, kilihitaji kitambaa zaidi kidogo ya mita 3, naye alikuwa na mita 3 kamili. Vipande vya sketi ya namna hii ni vyembamba juu na vipana chini, na cha mwisho kilikataa kuenea katika nafasi iliyobaki. Akakiinamisha kidogo, kikaenea. Mshale uliochorwa kwenye kiolezo, ambao kazi yake ni kuonyesha mwelekeo wa mtande, aliuona kama maelezo ya ziada. Kwa maneno mengine, aliokoa sentimita chache za kitambaa na kuzilipia kwa gauni zima.

Singependa mtu aelewe kwamba kubana matumizi ya kitambaa ni kosa. Kubana matumizi ni sehemu ya raha ya kazi hii, na mshonaji mzuri hukipanga kitambaa kwa muda mrefu kuliko anavyokikata. Tofauti iko katika kujua ni wapi pa kubana. Kitambaa chake kilikuwa na maua madogo yaliyotawanyika bila kuwa na juu wala chini, na hakikuwa na manyoya yanayolalia upande mmoja kama mahameli. Kwa hiyo angeweza kuvigeuza vipande viwili kichwa chini, upande mwembamba wa kimoja ukaegemea upande mpana wa jirani yake, na mtande wa vyote ukabaki wima. Angeweza pia kukifungua kitambaa chote na kukata kipande kimoja kimoja badala ya kukikunja mara mbili, kwa sababu kukunja kunarahisisha kazi lakini huacha mabaki mengi pembeni. Vitambaa vya ndani ya shingo na mifuko ya ndani vingeweza kutoka kwenye shuka kuukuu. Na kama bado pasingetosha, ukanda wa kiuno ungeweza kuungwa kwa vipande viwili, kiungo chake kikawekwa ubavuni ambako hakuna atakayekitazama. Kuunga vipande mahali pasipoonekana ni jambo ambalo mafundi wamelifanya tangu zamani, na halijawahi kuifanya nguo yoyote kuwa duni.

Namna ya kuupima mshale ni rahisi kiasi kwamba inasikitisha kuiona ikirukwa. Kiolezo kikishalazwa, pima kwa futi kamba kutoka kichwa cha mshale hadi kwenye ukingo, kisha kutoka mkia wake hadi kwenye ukingo uleule. Vipimo viwili vikilingana, kipande kiko sawa. Visipolingana, kizungushe mpaka vilingane, na ikiwa hakienei, badilisha mpangilio au badilisha nguo unayotaka kushona. Mshale usiguswe.

Kufupika kwa gauni

Kasoro hii haina mjadala mrefu. Kitambaa hakikufuliwa kabla ya kukatwa. Pamba ambayo haikufanyiwa kazi ya kuzuia kurudi inaweza kupungua kwa asilimia 3 hadi 5 katika kufuliwa mara ya kwanza, na kwa kawaida hupungua zaidi kwa urefu, kwa sababu mtande uliovutwa kiwandani hupata nafasi ya kujirudi. Kwenye gauni la sentimita 120, hiyo ni kati ya sentimita 3.6 na 6. Kwenye tundu la mkono, ambako kila nusu sentimita husikika, upungufu mdogo sana unatosha kuifanya nguo ikate kwapani.

Kinga yake ni kukifua kitambaa kizima kwa namna ileile nguo itakavyokuwa inafuliwa. Anayefua kwa maji ya moto asikiloweke kitambaa kwenye maji baridi akadhani amemaliza. Kingo zilizokatwa zipitishiwe zigizaga kwanza, la sivyo zitafumuka na kula sentimita kadhaa. Kikishakauka kipigwe pasi kwa kufuata mtande, kwa kuinua pasi na kuishusha, si kuiburuta, kwa kuwa kuburuta hukipinda kitambaa ambacho ndiyo kwanza kimenyooka. Na kama ncha yake ilikatwa kombo dukani, chanja kidogo ukingoni, shika uzi mmoja wa mshindio, uvute polepole mpaka utoe mstari hafifu unaovuka kitambaa, kisha ukate juu ya mstari huo. Wapo wanaokwepa kufua kwa sababu kitambaa kipya kina mng'ao na ukakamavu unaorahisisha kukata. Nawaelewa, lakini ukakamavu huo si mali ya kitambaa. Ni dawa tu, na itaondoka siku ya kwanza ya kufuliwa, gauni likiwa limeshashonwa.

Mishono yenyewe

Cherehani ya kawaida hushona kwa nyuzi mbili. Wa juu hupita kwenye sindano, wa chini hutoka kwenye bobini, kile kigurudumu kidogo cha uzi kinachokaa chini ya sindano, na hizo mbili hukumbatiana katikati ya unene wa kitambaa. Wazo la kuweka tundu la uzi karibu na ncha ya sindano na kuutumia uzi wa pili kutoka chini ndilo lililokuwa kiini cha hataza, yaani hati ya haki ya uvumbuzi, aliyopewa Elias Howe nchini Marekani mwaka 1846, na mpaka leo kanuni ni ileile katika cherehani ya kukanyaga na katika ile ya umeme. Kwa hiyo upande unaoonyesha kasoro mara nyingi si upande wenye kosa. Vitanzi vikionekana chini, maana yake uzi wa juu haujabanwa, nao unateremka mwingi kuliko unavyotakiwa. Yeye alikuwa amefanya kile ambacho wengi hukifanya: aliona fujo chini, akaufungua mlango wa bobini, akaanza kuikaza na kuilegeza ile skrubu ndogo iliyo kwenye kikopo chake. Skrubu hiyo ni ya kuachwa kama ilivyo, isipokuwa pale ambapo njia nyingine zote zimeshajaribiwa.

Nilimwomba atunge uzi nikiwa natazama, na jibu likaonekana papo hapo. Alitunga huku kiguu cha kukandamiza kitambaa kikiwa kimeshushwa. Kiguu kikiwa chini, vile visahani viwili vinavyoubana uzi wa juu huwa vimefungwa, na uzi hupita juu yake bila kuingia katikati. Kiguu kikiinuliwa, visahani huachana na uzi huzama mahali pake. Tulikiinua kiguu, tukaung'oa uzi wote na kuutunga upya tangu mwanzo, tukakishusha, kisha akauvuta uzi kwa mkono kabla ya kuupitisha kwenye sindano. Uzi ulikataa, kwa namna ambayo haukuwa umekataa hapo awali. Kukataa huko ndiko kunakotafutwa. Uzi unaovutika kwa ulaini uleule kiguu kikiwa juu na kikiwa chini ni uzi ambao haujaingia kwenye visahani, na hakuna namba kwenye kirekebishio cha mkazo itakayousaidia.

Vitanzi vilikwisha. Mishono iliendelea kuruka kidogo, na hapo tukaigeukia sindano. Sindano inaposhuka hadi mwisho na kuanza kupanda, uzi hufanya kitanzi kidogo sana nyuma yake, juu tu ya tundu, nayo ndoano inayozunguka bobini hupita wakati huohuo na kukidaka. Nafasi ya kufanya hivyo ni ndogo mno. Sindano ikiwa imepinda, ikiwa butu, ikiwa haikusukumwa mpaka juu kabisa, au ikiwa unene wake haulingani na kitambaa, kitanzi huja mahali pasipo sahihi au hakifanyiki kabisa, ndoano hupita patupu, na mshono mmoja hurukwa. Sindano yake ilikuwa ya namba 100, ileile aliyoitumia kushonea mifuko ya jinzi. Namba hiyo inataja unene wa mwili wa sindano kwa sehemu za mia za milimita, hivyo 100 ni milimita 1 kamili, na 80 ni milimita 0.8. Kwa pamba nyepesi kama yake zinafaa 70 au 80. Tulipoilaza ile ya zamani juu ya kioo kwa upande wake bapa, nafasi kati yake na kioo haikuwa sawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Ilikuwa imepinda kwa kiasi kisichoonekana kwa jicho ikiwa ndani ya cherehani. Ncha yake, ilipopitishwa taratibu juu ya ukucha, ilikwaruza.

Ushauri unaorudiwa sana ni kwamba sindano ibadilishwe baada ya kama saa 8 za kushona, na mimi naufuata. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote vilivyo kwenye meza ya mshonaji, na ndicho kinachosababisha malalamiko mengi kuliko vyote. Anayeshona vitambaa vinavyovutika, kama jezi, anahitaji pia sindano yenye ncha ya mviringo, ambayo husogeza nyuzi pembeni badala ya kuzitoboa. Na wakati wa kununua, ahakikishe zinaandikwa 130/705 H, ambao ndio mfumo wa cherehani nyingi za nyumbani, zenye mpini wenye upande mmoja bapa. Zile za viwandani zenye mpini wa mviringo huuzwa kando yake na hufanana nazo kwa harakaharaka. Upande bapa unaelekea nyuma katika cherehani nyingi na ubavuni katika nyingine za zamani. Kama kitabu cha maelezo kimepotea, tazama kishikizo cha mwisho cha uzi kabla ya sindano: mfereji mrefu wa sindano huelekea upande ule uzi unakotokea, na upande bapa huelekea kinyume chake.

Tulimalizia kwa kufungua bamba la chini na kutoa vumbi la pamba lililokuwa limeshindiliwa katikati ya meno yanayosogeza kitambaa. Vumbi lilikuwa gumu kama kitambaa kinene. Baada ya hapo alishona mistari kadhaa kwenye kipande cha mabaki kilichokunjwa mara mbili, kwa urefu wa mshono wa milimita 2.5, na mistari ilikuwa sawa pande zote mbili. Alikaa kimya kwa muda akikigeuzageuza kile kipande.

Fedha zinapaswa kwenda wapi

Tukirudi kwenye fungu lake, tuliorodhesha alichokuwa ametumia tangu aanze. Sehemu kubwa ilikuwa imekwenda kwenye vitu vya aina mbili. Kwanza, vipande vya kitambaa vilivyonunuliwa kwa sababu tu bei yake ilishushwa, ambavyo vingi vilikuwa vifupi mno kutoa nguo na vilikuwa vimelala kabatini. Pili, boksi kubwa la nyuzi za rangi nyingi zilizouzwa kwa pamoja. Nilichukua uzi mmoja kutoka kwenye boksi hilo, nikaunyoosha mbele ya dirisha, na ulionekana una mafundo madogo na manyoya kila baada ya kipande kifupi. Ulipovutwa kwa ghafla ulikatika bila ukaidi wowote. Uzi wa namna hiyo hukatika katikati ya mshono, hujaza vumbi ndani ya cherehani, na humfanya mtu aamini kwamba mikono yake haifai. Vigurudumu vichache vya uzi mzuri wa poliesta, cheupe, cheusi na cha kijivu cha wastani, vinatosha kazi nyingi kwa muda mrefu. Kijivu hufifia ndani ya vitambaa vya rangi nyingi kuliko mtu anavyotarajia.

Kwa maoni yangu, mpangilio wa matumizi kwa mtu wa namna hii uanze na sindano, kisha uzi, kisha mkasi mmoja mzuri ambao hautakata kitu kingine chochote isipokuwa kitambaa. Mkasi huo uwekewe alama, na karatasi za violezo zikatwe kwa mkasi mwingine. Baada ya hapo ni kifaa kidogo cha kufumulia, pini, chaki na futi kamba. Pasi tayari anayo kila mtu anayevaa nguo iliyonyooka, na pasi ndiyo inayotofautisha nguo inayoonekana imeshonwa na nguo inayoonekana imeunganishwa tu: kila mshono upigwe pasi kabla haujavukwa na mshono mwingine. Ovaloki, mashine ya kufungia kingo zisifumuke, aliyokuwa akiitamani inaweza kusubiri. Kingo zinaweza kupitishiwa zigizaga, au kwa kitambaa chepesi kama chake zikafichwa kwa kushona mara mbili, kwanza migongo ya kitambaa ikiwa imetazamana, kisha kwa kugeuza na kuufungia ukingo ndani ya mshono wa pili. Mshono huo unachukua muda, lakini hauhitaji mashine ya ziada na hudumu kuliko kitambaa chenyewe.

Kuhusu kitambaa cha kujifunzia, sikubaliani na wanaosema mwanafunzi aanze na kile cha bei ya chini kabisa. Mara nyingi cha bei ya chini kabisa ni satini nyembamba ya poliesta, ambayo huteleza mezani, hukwepa mkasi na kukunjamana chini ya sindano. Mtu hujifunza kuichukia kazi. Kinachofaa ni pamba ya uzito wa wastani, na pamba hiyo imo ndani ya nyumba kwa jina la shuka. Shuka la sentimita 230 kwa 260 lina eneo linalokaribia mita 6 za mraba, ambalo ni zaidi ya mita 5 za kitambaa chenye upana wa sentimita 115, yaani zaidi ya kile kitambaa chote alichokidundulizia. Tena limeshafuliwa mara nyingi kiasi kwamba halina tena pa kupungua. Tahadhari ni moja: shuka huchakaa katikati, mahali mwili unapolala, na kubaki imara pembeni. Nchini Uingereza, nguo zilipokuwa zikigawiwa kwa kuponi kuanzia mwaka 1941 hadi 1949, watu walihimizwa kulipasua shuka lililochakaa katikati na kuziunganisha kingo zake mbili ziwe katikati mpya, ili lilaliwe tena. Kwa mshonaji wa gauni, maarifa yaleyale yanatumika kwa namna nyingine. Linyanyue shuka mbele ya dirisha, zungushia kwa chaki sehemu zinazopitisha mwanga kupita kiasi, na ukate pembeni mwa alama hizo.

Nguo ya majaribio kutoka kwenye shuka hilo ndiyo kinga kubwa kuliko zote ambazo mtu asiye na fedha anaweza kujipatia. Hushonwa kwa mishono mirefu ya milimita 4 au 5 ili ifumuliwe upesi, bila mifuko, bila kola, bila kupinda chini. Huvaliwa, huchorwa kwa kalamu pale inapobana na pale inapolegea, hufumuliwa, na vipande vyake hugeuka kuwa kiolezo sahihi cha mwili wa mwenyewe. Angeifanya, lile tundu la mkono angelijua mapema.

Kilichookolewa

Gauni tulilifumua lote. Kitambaa kilikuwa kimeshafuliwa, kwa hiyo kisingerudi tena, na hilo lilikuwa faida isiyokusudiwa. Kiwiliwili hakikuwa na msaada kwa sababu matundu ya mikono yalikuwa yameshakatwa, na kitambaa hakiongezeki. Sketi ilikuwa na tumaini. Kile kipande kilichoinama tulikilaza mezani, tukachora juu yake kiolezo kilekile kilichofupishwa na kunyooshwa kwa kufuata mtande wake halisi, na kikapatikana kipande sahihi, kifupi kwa sentimita 14 kuliko cha awali. Vipande vitatu vilivyobaki vikapunguzwa kulingana nacho. Mgongo wa kiwiliwili ulitoa ukanda wa kiuno kwa vipande viwili vilivyounganishwa ubavuni, lastiki ikapitishwa ndani yake, na ile mikono mifupi ikawa mifuko ya ndani. Kabla ya kupinda chini, sketi ilitundikwa usiku kucha, kwa kuwa vipande vinavyotanuka vina sehemu za mshazari pembezoni ambazo hurefuka kwa uzito wake, na upindo unaokatwa kabla ya hapo huja ukiwa na mawimbi. Asubuhi tofauti ilikuwapo, ndogo lakini inayoonekana. Ikasawazishwa kwa kupima kutoka sakafuni.

Kufumua kulichukua muda mrefu kuliko kushona upya, na ni haki kusema kwamba si kila nguo iliyoharibika inastahili kazi hiyo. Kigezo ninachokitumia ni ubora wa kitambaa na ukubwa wa kipande kikubwa kuliko vyote kinachoweza kupatikana. Hapa kitambaa kilikuwa kizuri na vipande vya sketi vilikuwa vikubwa. Kingekuwa dhaifu, ningemshauri akitumie kujaribia mkazo wa uzi na asihuzunike.

Lililobaki ni suala la cherehani mpya, ambalo hatukulifunga kabisa. Cherehani yake bado huruka mshono inapopanda kwenye makutano ya jinzi nene, pale kiguu kinapoinuka mbele. Kwa sasa hukunja kipande cha kitambaa chenye unene sawa na kukiweka nyuma ya kiguu ili kikae bapa, na mara nyingi hiyo inatosha. Ikianza kuruka kwenye pamba ya kawaida huku sindano ikiwa mpya, ya namba sahihi, na uzi umetungwa kiguu kikiwa juu, hapo itakuwa ndoano na sindano hazikutani tena kwa wakati wake, na fundi wa cherehani anaweza kuzirekebisha. Makadirio ya fundi huyo yalinganishwe kwanza na bei ya cherehani nyingine iliyotumika. Akiamua kununua, aende dukani na sindano yake mpya, uzi wake mzuri na vipande vyake vya pamba na jinzi, atunge mwenyewe, na ashone mbele ya muuzaji kabla ya kutoa chochote mfukoni.